Jinsi ya Kuandika Riwaya ya Mwindaji wa Mumiani Dodoma: Mwongozo Kamili

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye tayari ana wazo: yupo mwindaji, yupo mnyonya damu, na upo usiku mmoja ambao msomaji hatajua kama mwindaji ameota au ameua. Mahali ni Dodoma na majirani zake. Sitagusa mambo ya kupata muda wa kuandika wala ya kujiamini, maana hayo yamesemwa mpaka yamechuja. Nitakaa kwenye zile sehemu ambazo riwaya ya namna hii hufia: sheria za mnyonya damu, nafsi ya mwindaji, ufundi wa kuchanganya ndoto na macho (yaani yale mtu anayoyaona akiwa hajalala), na mwisho wa hadithi.

Hatua ya 1: Jua unachezea moto gani

Oktoba 2016, katika kijiji cha Iringa Mvumi, wilaya ya Chamwino, watafiti wawili kutoka kituo cha utafiti wa kilimo cha Selian, Arusha, waliuawa na wanakijiji pamoja na dereva wao. Walikuja kwa kazi ya utafiti wa udongo. Yowe lililopigwa ni kwamba wanyonya damu wameingia kijijini. Mwaka uliofuata, kusini mwa Malawi, watu kadhaa waliuawa na makundi kwa tuhuma hizohizo, na Umoja wa Mataifa ukawaondoa kwa muda wafanyakazi wake katika wilaya za Mulanje na Phalombe.

Anza na habari hii kabla hujaandika sentensi ya kwanza. Katika hadithi za Ulaya mwindaji ni shujaa tangu ukurasa wa mwanzo. Ana haki ya kuua kwa sababu msomaji wake hajawahi kusikia mtu wa mtaani kwake akiuawa kwa jambo hilo. Msomaji wa Dodoma amesikia. Kwake yeye, mtu anayetembea usiku akimsaka mumiani anaweza kuwa mkombozi, na anaweza kuwa yule wa mbele kabisa kwenye kundi lenye mawe. Hapo ndipo riwaya yako ilipo. Swali la "hii ilikuwa ndoto au kweli?" linakoma kuwa urembo. Linakuwa swali la kama aliyelala pale chini ni mumiani au ni baba wa watu aliyekuwa anarudi kazini.

Kwa kazi yenyewe, mambo mawili. Usilitumie tukio la Chamwino lenyewe. Familia zipo, na uchungu upo. Badilisha kijiji, mwaka, kazi ya wahanga, kila kitu, ubaki na hofu tu. Pili, kama una mhusika askari polisi, mpe elimu yake: Tanzania ina Sheria ya Uchawi tangu 1928, na kumtuhumu mtu kuwa ni mchawi ni kosa. Askari anayejua sheria hiyo, halafu mwenyewe usiku analala na taa ikiwaka, ni mhusika mzuri kuliko askari mjinga.

Hatua ya 2: Chagua mnyonya damu wako, kisha umfunge kwa sheria

Usimbebe mzungu mwenye joho jeusi ukamshusha Nzuguni stendi. Mumiani wa simulizi zetu ni kiumbe tofauti. Mara nyingi ni mtu hai, ana gari, ana sindano, anachukua damu ili ipelekwe mahali na iuzwe. Enzi za ukoloni, Nairobi na Kampala, watu waliwanong'ona wazimamoto na magari yao mekundu kwamba ndio wakamataji. Ukiangalia vizuri, hofu hiyo ilikuwa ya mtu mwenye sare, kifaa kisichoeleweka, na ruhusa ya kuingia kwako bila kubisha hodi. Hofu hiyo ina matumizi makubwa katika mji unaojengwa ofisi kila mwezi.

Una njia tatu. Mumiani awe binadamu mtupu, mfanyabiashara wa damu. Hapo unaandika hadithi ya uhalifu yenye ndoto ndani yake. Awe kiumbe asiyekufa, aliyevaa ngozi ya binadamu. Hapo unaandika fantasia. Au asijulikane mpaka mwisho. Ya tatu ndiyo ngumu, na ndiyo ninayoishauri kwa riwaya hii, ila kwa sharti: wewe mwandishi lazima ujue. Mwandishi asiyejua huandika kwa ukungu, na msomaji akinusa kwamba hata wewe umepotea, anafunga kitabu.

Sheria zake ni zako kuzitunga. Watu wengi wanaamini jua linamuua mnyonya damu tangu zamani za kale. Katika riwaya ya Bram Stoker, Dracula, iliyotoka 1897, huyo bwana anatembea London mchana; jua linampunguzia nguvu tu. Kifo kwa mwanga wa asubuhi kililetwa na filamu ya Kijerumani, Nosferatu, ya 1922. Kwa hiyo usiogope kuitupa sheria ya jua. Dodoma, kwa jua lile la Oktoba, kiumbe anayekufa kwa mwanga angekuwa na maisha mafupi mno, na riwaya yako pia.

Andika sheria zisizozidi tano kwenye karatasi moja, uibandike ukutani. Kwa mfano: anaingia tu nyumba ambayo amekaribishwa chakula, hawezi kuitikia salamu ya mtoto, anasahau jina la kila anayemnywa, damu iliyolala kwenye baridi inamtosha lakini haimshibishi. Sheria moja kati ya hizo iwe ya uongo, yaani mwindaji anaiamini na haifanyi kazi. Utaihitaji mbele.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya damu

Hatua hii waandishi wengi wanairuka, na ndiyo inayotoa nusu ya visa bila jasho.

Mtu mzima ana damu kama lita 5. Chupa moja ya damu inayochangwa ni takriban mililita 450. Ikihifadhiwa vizuri, kwenye jokofu la nyuzi 2 hadi 6 za Selsiasi, damu nzima iliyo kwenye mifuko ya kawaida ya dawa ya kuzuia isigande hukaa hadi siku 35. Tanzania ina Mpango wa Taifa wa Damu Salama tangu 2004, na mwanaume mwenye afya anaruhusiwa kuchangia kila baada ya miezi mitatu, mwanamke kila baada ya minne.

Sasa mwekee mumiani wako chupa moja kwa usiku. Kwa mwaka ni lita 164, yaani damu yote ya watu wazima 33. Mtaa kama Chang'ombe ungegundua. Kwa hiyo hawezi kuwa anaua ovyo. Lazima awe na mfumo. Akitaka kuishi kwa damu ya hiari tu, anahitaji wanaume 92 wanaochangia bila kukosa mwaka mzima. Wanaume 92! Ni nani anayeweza kuwakusanya wanaume 92 kila baada ya miezi mitatu wasiulize? Mchungaji, mwenye kampuni ya ulinzi, kocha, mwenye mashamba makubwa ya zabibu. Umeshapata orodha ya washukiwa kwa kugawanya tu.

Na jokofu linahitaji umeme. Mgao ukianza, damu inaharibika, mumiani anaanza kutembea. Sura nzima ya katikati inaweza kusimama juu ya hilo: mji uko gizani, watu wanalalamika simu hazina chaji, na mtu mmoja analalamika kwa sababu nyingine.

Hatua ya 4: Mpe mwindaji kazi kabla hujampa silaha

Kwa mfano wa mwongozo huu nimemtunga mwanamke anaitwa Sechelela, mzaliwa wa upande wa Bahi, mtaalamu wa maabara wa zamu ya usiku katika hospitali isiyo na jina. Ana miaka 34. Babu yake, ambaye ni marehemu, alikuwa mfanyakazi wa reli. Babu huja ndotoni na kumtajia nani anafuata. Mshukiwa ni mnunuzi wa zabibu kutoka Hombolo, bwana mmoja mpole anayeitwa Kefa.

Kwa nini maabara? Kwa sababu kazi yake inamgusisha damu kila usiku, inampa sababu halali ya kuhesabu, na inamnyima usingizi. Mambo yote matatu yanaingia kwenye hadithi bila kulazimishwa. Ukimpa mwindaji kazi ya "mwindaji wa kurithi wa ukoo wa kale", utatumia sura tatu kueleza ukoo huo na msomaji atakuwa ameshaondoka.

Mpe na watu. Mama mdogo anayemuuliza ataolewa lini. Jirani anayemdai elfu ishirini. Mtoto wa dada yake anayelala chumba hichohicho na kumsikia akiongea usingizini; huyo ni wa lazima, kwa sababu ni shahidi pekee wa kile Sechelela anachofanya akiwa amelala, na ni mtoto, kwa hiyo hakuna anayemsikiliza.

Nakuomba jambo moja hapa. Usimfanye Sechelela azinduke sura ya mwisho akajikuta amelazwa Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili. Jina la hospitali ile limeshafanywa kejeli mitaani kiasi cha kutosha, na mwisho huo unamwambia msomaji kwamba kurasa zote 300 hazikuwa na maana. Ugonjwa wa akili ukiwa ndani ya hadithi, uwe wa mtu mwenye siku zake nzuri na mbaya, anayekunywa dawa na kwenda kazini.

Hatua ya 5: Jenga ndoto kwa vifaa vya Kiswahili chenyewe

Hapa tukae kidogo.

Kwanza ujue usingizi unavyofanya kazi, hata kama hutaueleza. Usingizi huenda kwa mizunguko ya karibu dakika 90. Ndoto za mwanzo wa usiku ni fupi. Ndefu na zenye picha kali huja kuelekea alfajiri. Mtu aliyelala saa nne usiku ataota kwa kirefu kati ya saa tisa na saa kumi na moja. Anayelala asubuhi baada ya zamu ya usiku mara nyingi huingia kwenye ndoto mapema zaidi. Halafu kuna kukabwa na jinamizi: akili imeamka, mwili bado umefungwa, kifua kizito, na mtu ana hakika kabisa kwamba kuna mwingine chumbani. Hudumu kwa sekunde au dakika chache, na huwapata zaidi waliokosa usingizi, wa zamu zinazobadilika, na wanaolala chali. Sechelela ana sifa zote. Kwa hiyo kila anapomwona mumiani kitandani kuna maelezo ya daktari, na kuna maelezo ya Babu, na yote mawili yanatosha. Usichague mapema.

Sasa lugha. Kiswahili kimekupa zana ambazo mwandishi wa lugha nyingine angezililia.

Salamu. Kwetu hakuna mazungumzo yanayoanza bila salamu, hata ugomvi. Basi katika ndoto zako zote za nusu ya kwanza ya kitabu, mtu asisalimie. Usilitaje jambo hilo popote. Msomaji ataona kitu hakijakaa sawa bila kujua ni nini. Na mumiani wako, kama umechukua sheria ya kutoitikia, aishi katikati ya watu akikwepa shikamoo za watoto kwa ujanja: anaitwa kwenye simu, anakohoa, anampa mtoto pipi kabla hajafungua mdomo. Wazee wa Kigogo wakisema "Mbukwa" barazani, yeye anajibu kwa kuinua kofia.

Nafsi. Kiambishi a- hakimwambii msomaji kama ni mwanaume au mwanamke, na sentensi kama "akamshika mkono akamwambia" inaweza kubeba watu wawili bila kusema nani alimshika nani. Mchana tunakwepa utata huo kwa kutaja majina. Ndotoni uache.

Ngeli. Mchana Kefa ni "yeye aliyekuja". Ndotoni, mara moja tu katika ukurasa, sema "kilichokuja". Msomaji atarudi nyuma kutafuta hicho kitu ni kipi, na hatakipata.

Njeo, yaani wakati wa kitenzi. Kwa macho, tumia -li- na saa. Kwa ndoto, anza moja kwa moja na -ka- bila -li- ya kuitangulia, kama vile hadithi ilikuwa inaendelea kabla hujafika.

Tazama tukio moja likiandikwa mara mbili. Kwa macho:

"Sechelela alifungua jokofu saa nane na dakika kumi. Chupa kumi na moja. Jioni zilikuwa kumi na mbili. Alizihesabu tena akizigusa kwa kidole moja moja, kisha akaandika namba kwenye daftari la zamu na kupiga mstari chini yake.

'Shikamoo dada Seche,' mlinzi alisema kutoka mlangoni.

'Marahaba. Nani ameingia humu?'

'Hajaingia mtu, dada. Labda yule wa jana, wa kuleta barafu.'"

Na kwa ndoto:

"Akafungua jokofu. Chupa kumi na moja. Akahesabu, zikawa kumi na moja, akahesabu, zikawa kumi na moja, na kila akirudia moja ilikuwa imepata joto. Babu amekaa juu ya jokofu, sare ya reli, miguu inaning'inia haifiki chini. 'Moja ni yako.' Akamshika mkono, akaugeuza, akaona namba imeandikwa kwa kalamu na kupigwa mstari. Kikacheka."

Mstari ule chini ya namba umevuka kutoka macho kwenda ndoto. Hicho ndicho kiungo, na kila ndoto iwe na kimoja tu. Viungo vitatu vinageuka fumbo la gazetini.

Baada ya kumzoesha msomaji tofauti hizo kwa sura kama kumi, anza kuiba. Ndoto moja ipewe saa. Nyingine ipewe shikamoo. Tukio moja la macho likose salamu, kwa sababu mtu amekasirika kweli. Badilisha alama moja kwa wakati mmoja. Ukifika theluthi ya mwisho msomaji anapaswa kuwa hana alama hata moja anayoiamini, kama Sechelela mwenyewe, na hujamdanganya popote.

Msomaji wa Kiswahili si mgeni wa mambo haya. Euphrase Kezilahabi alishafika mbali zaidi kwenye Nagona (1990) na Mzingile (1991). Ila angalia unene: vile ni vitabu vyembamba. Msomaji anavumilia kuelea hewani kwa kurasa chache. Kama yako ni ya maneno 60,000, mpe ardhi. Kwa kila sura nne, moja iwe ya ndoto au ya shaka, tatu ziwe za watu wanaokula, wanaodaiana na kupanda daladala.

Hatua ya 6: Fungua daftari la kweli

Chukua daftari la kawaida, ukurasa ugawe safu tatu: kilichotokea, Sechelela anachoamini, msomaji anachoamini. Kila tukio kubwa liingie safu zote tatu kabla hujaliandika.

Mfano. Kilichotokea: chupa ya kumi na mbili ilivunjika na mlinzi akaficha kwa kuogopa kukatwa mshahara. Sechelela anaamini: Kefa ameichukua. Msomaji anaamini: Sechelela mwenyewe ameichukua akiwa usingizini. Ona jinsi kosa dogo la mlinzi linavyobeba uzito wote. Sura ishirini baadaye, mlinzi akikiri kwa kulia, Kefa tayari amelala chini, na hapo hadithi yako imepata mgongo.

Daftari hili litakuokoa hasa unapofika katikati, pale ambapo kila mwandishi wa hadithi za ndoto anaanza kuongeza ndoto kwa sababu hajui kinachofuata. Safu ya kwanza ikikosa kitu cha kuandika, usiandike sura hiyo.

Hatua ya 7: Chagua mahali na majira

Dodoma ina mvua za msimu mmoja, kati ya Desemba na Aprili, kwa jumla chini ya milimita 600 kwa mwaka wa kawaida. Miezi mingine ni ukavu na upepo, na Juni hadi Agosti usiku ni baridi ya koti. Mimi ningeanza riwaya kiangazi kikali na kuimaliza mvua ya kwanza, kwa sababu ya kiufundi kabisa: vumbi linahifadhi nyayo, mvua inazifuta. Mwindaji anayefuata nyayo ana tarehe ya mwisho.

Zabibu zinavunwa mara mbili kwa mwaka, karibu na Februari na Machi, kisha Agosti na Septemba. Kefa ni mnunuzi, kwa hiyo ana sababu ya kuja na magari ya baridi nyakati hizo. Divai nyekundu na damu ni picha ambayo kila mtu ataifikiria. Itumie mara moja, mapema, kisha iache, mtu mwingine aitaje kwa utani.

Mumiani asiyekufa anahitaji umri, na historia ya Ugogo inakupa milango. Reli ya kati ilifika Dodoma 1910. Njaa ya Mtunya, kati ya 1917 na 1920, ilikuja baada ya majeshi ya Wajerumani na Waingereza kuchukua mifugo, chakula na wapagazi, na iliua watu wengi sana. Kongwa kulikuwa na mradi mkubwa wa karanga wa Waingereza, 1947 hadi 1951, ulioanguka. Chagua mlango mmoja. Ningechagua Mtunya, kwa sababu mtu mnene anayetembea katikati ya njaa hahitaji maelezo mengine. Ukitumia milango yote, mumiani wako atageuka mwalimu wa historia.

Mahali pa sasa: Majengo sokoni mchana, foleni ya bodaboda Jamatini, na Mtumba usiku, ule mji wa serikali wenye majengo makubwa yaliyozimwa taa na walinzi wachache. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulifanyika 1973, na mji ukawa jiji 2018. Katikati ya tarehe hizo kuna vizazi vilivyoishi vikisubiri mji uje. Mzee aliyesubiri muda wote huo anaweza kuzungumza na Sechelela kuhusu ndoto kwa mamlaka yake kabisa.

Na kuna Kolo, Kondoa. Michoro ya miambani, iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia 2006, iko kwenye mapango na vibanda vya mawe zaidi ya 150. Mingi ni myekundu: watu warefu, wembamba, wenye vichwa vya ajabu. Baadhi ya wataalamu wameihusisha na ngoma ya simbo ya Wasandawe, ambayo wachezaji huingia katika hali nyingine ya akili na kuwa simba. Kwa riwaya yako hiyo ni zawadi, lakini ipokee kwa adabu. Wasandawe wapo, wanasoma, na mapango kama Mungomi wa Kolo bado yana heshima kwa wenyeji. Mpeleke Sechelela kama mgeni anayeongozwa, asiyeelewa yote. Asichimbe kitu.

Hatua ya 8: Silaha

Fupi tu. Silaha iwe kitu alichonacho kazini au jikoni, na kila ikitumika imgharimu kitu kisichorudi. Sechelela akimkaribisha Kefa nyumbani kwa ugali wa mtama na mlenda, kwa sababu anaamini asiyekuwa binadamu hawezi kumeza mlenda, hiyo ni silaha nzuri. Kefa anakula, anasifia, anaomba kuongezewa. Ndiyo ile sheria ya uongo ya hatua ya pili. Sasa amemlisha, na kwa sheria nyingine iliyo ya kweli, amemfungulia mlango.

Tukio la kuua liandike kwa macho kabisa: saa, salamu, majina, -li-. Usilifunike kwa ukungu wa ndoto. Msomaji akiona mkono wa Sechelela, jiwe, na kofia ya Kefa ikibiringika kwenye vumbi, kisha sura inayofuata Kefa akapita barabarani akiwa na kofia hiyohiyo, kazi imefanyika.

Hatua ya 9: Wape watu wasome, kisha uuze

Tafuta wasomaji watano kabla hujachapa, angalau wawili wawe wenyeji wa Dodoma. Usiwaulize kama wameipenda, watasema wameipenda. Wape orodha ya sura na kalamu, kila mmoja aandike N kwa ndoto, M kwa macho, na alama ya kuuliza anapokwama. Theluthi ya kwanza majibu yao yafanane karibu yote. Ya mwisho yatofautiane. Wakitofautiana tangu mwanzo, hujawapa ardhi. Rudi hatua ya tano. Wakifanana mpaka mwisho, umewaeleza mno, na kwa kawaida kosa liko kwenye sentensi za "ghafla akazinduka". Zifute zote, uone kama sura zinasimama.

Waulize pia swali moja la mdomo: Sechelela alikuwa na haki? Wakijibu haraka bila kusita, kwa ndiyo au hapana, Kefa hajapata nafasi ya kutosha. Mwongezee sura moja ya maisha yake, akiwa na mtu anayempenda.

Kuhusu kuuza, wasomaji wengi wa riwaya za Kiswahili sasa husoma kwa vipande kwenye simu, wanalipia kwa M-Pesa na kupokea sehemu inayofuata kwenye WhatsApp. Ukitoa kwa njia hiyo, kata kila kipande kwenye tukio la macho. Msomaji aliyengoja siku tatu halafu akaambiwa ilikuwa ndoto atadai hela yake. Ukichapa kitabu, chukua ISBN kutoka Bodi ya Huduma za Maktaba, andikisha kazi COSOTA, ofisi ya hakimiliki, na ufuatilie Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, ambayo ina kundi la riwaya. Soma masharti ya mwaka husika kuhusu kazi zilizokwisha kusambazwa kabla hujatuma kipande cha kwanza kwenye kundi lolote.